Dirisha Lenye Tumbo na Mgongo wa Fundi Shabani

Nawaandikia ninyi vijana wa cherehani kwa sababu jana mmoja wenu amenichosha, na nikikaa kimya nitachoka zaidi.

Amekuja hapa Makole, Dodoma, na jora la kitambaa begani, uso unang'aa, anataka nimwelekeze namna ya kukata mapazia ya nyumba moja ya zamani kule karibu na stesheni. Nikamwuliza kipimo cha dirisha. Akanitajia namba moja. Moja tu. Nikamwuliza, "Hilo dirisha limelala sawa na ukuta, au limetokeza nje?"

"Babu," akasema, "dirisha si dirisha tu?"

Nikamwambia naijua nyumba hiyo tangu enzi za Mjerumani, na dirisha lake hilo nusura limpeleke mtu chini ya kiboko kwa sababu yangu. Akacheka kwa adabu, akadhani ni masimulizi ya kizee, akaondoka na namba yake moja. Basi ninyi mliobaki nisikilizeni.

Kwanza mkielewe kitu chenyewe. Kuna dirisha la kawaida, limekaa ukutani kama jicho usoni. Halafu kuna dirisha lenye tumbo. Hapo ukuta wenyewe umesukumwa nje, ukafanya kijichumba chenye kioo mbele na kioo ubavuni, kulia na kushoto. Pande tatu, pembe mbili. Na lipo ndugu yake lisilo na pembe, limejipinda kama upinde wa kuwindia, vioo vinne au vitano vimefuatana taratibu. Hilo la pili tuliliita la mjamzito, ila si mbele ya wenyewe.

Mimi ni Mgogo. Nimezaliwa ndani ya tembe, nyumba yetu ndefu ya udongo, fupi kwenda juu, paa lake bapa nalo la udongo. Dirisha hatukuwa nalo. Moshi ulijua pa kutokea, ng'ombe walijua mlango wao, na mtu akitaka kuona nje alitoka nje. Wazungu wakaja, wakajenga ukuta, wakautoboa, tundu wakaliziba kwa kioo, kisha wakatuita tuje tukizibe kioo kwa nguo. Nilipomweleza mama kazi niliyoipata, aliniuliza kama nimelogwa.

Kazi yenyewe niliipata kwa Fundi Shabani. Alikuwa Mrangi kutoka milima ya Kondoa, mtu wa swala tano, mwembamba kama ufito, amekuja Dodoma na cherehani yake ya mkono pale reli ilipofika. Alikaa barazani mwa duka la Mhindi. Mimi nilikuwa nimesoma kwa mapadri miaka miwili, najua kuandika, najua nyimbo nyingi za kanisani kuliko hesabu. Nilikuwa kijana wa kuota ndoto nimesimama. Nikikunjua jora jeupe naona mawingu ya masika, naona harusi yangu, naona mambo ambayo hayamo kabisa kwenye jora. Fundi alikuwa akiniambia, "Wewe, rudi. Mkasi uko mkononi mwako na vidole ni vyako."

Alinipenda, lakini kwa namna ya mtu mwenye jino bovu. Kila siku nilimwuma mahali fulani.

Nyumba ya bwana wa reli ilipokamilika tuliitwa. Ukumbi wake ulikuwa na dirisha la tumbo lenye pembe, limetazama machweo, na chumba cha kulia kilikuwa na la upinde. Fundi akaniambia, "Pima." Nikachukua kamba, nikaivuta kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia, moja kwa moja, imenyooka kama reli. Nikafunga fundo, nikatabasamu.

Fundi akaiangalia ile kamba inavyoning'inia katikati ya chumba, mbali na kioo chochote.

"Umepima nini?"

"Dirisha, Fundi."

"Umepima upepo. Dirisha liko kule. Mtu akikuambia umpime kiuno, utapima kutoka nyonga hadi nyonga kwa mbele, umwambie mgongo si wa kwake?"

Basi vijana, hilo ndilo la kwanza, na huyo wa jana angelisikia angeokoa jora zima. Kamba ifuate tumbo. Anza ukutani, ingia pembeni, funga fundo kwenye pembe, pita mbele, fundo tena, toka upande wa pili. Utapata vipimo vitatu, na kila kimoja uchukue kitambaa mara mbili yake, maana pazia bila marinda ni shuka iliyoanikwa. Kisha upime kwenda chini mahali patatu, kwa sababu hakuna fundi wa kujenga aliyewahi kulaza sakafu sawa, awe Mjerumani awe nani.

Kabla ya kukata hata uzi mmoja, mwulize mwenye nyumba atakaa wapi. Swali dogo, lakini hapo ndipo mafundi wengi wanapozama. Pazia linaweza kufuata tumbo, kila upande na lake, na kile kijichumba kikabaki ndani kwa kiti na meza ya kahawa. Au linaweza kukatiza mdomo wa tumbo moja kwa moja, likifungwa kijichumba kinapotea na kiti chako kinabaki nje gizani. La kwanza linakula kitambaa na linajaza pembe. La pili ni rahisi, lakini umemnyima mtu kijichumba alichokilipia. Chagueni na mwenye nyumba. Msichague peke yenu.

Bibi wa bwana wa reli alikuwa mwema, sisemi uongo, alitupa chai. Lakini kuchagua hakuweza.

"Fundi, nataka mwanga."

"Vyema, Bibi. Tutaweka nguo nyepesi."

"Lakini jua la jioni sitaki. Linanichoma."

"Basi nguo nzito."

"Nzito ina joto. Na nataka kuona mlima nikiwa nimekaa. Lakini watu wa njiani wasinione."

Fundi Shabani akasema taratibu, "Bibi, anayeona huonekana."

"Hapana. Kwetu inawezekana."

Tulirudi kwake mara tano. Siku ya kwanza mapazia yafike dirishani tu, siku ya pili yafike sakafuni, siku ya tatu yafuate tumbo, ya nne yakatize, ya tano alikuwa anaumwa kichwa. Njiani Fundi alikuwa akipiga hatua ndefu, akifika barazani anakaa na kuuliza ukuta, "Mwanga bila jua. Nitautoa wapi?"

Mwisho tulikubaliana hivi, na mpango huu hata leo ni mzuri. Kila upande wa tumbo uwe na pazia lake, lifike sakafuni. Pazia la mbele ligawike mara mbili, likifunguliwa kila nusu ikae kwenye pembe yake. Yale ya ubavuni yakifunguliwa yasogee nje kabisa, yalalie ukuta, yasile kioo. Jua la jioni lilikuwa linaingia kwa mbele, basi la mbele likapewa bitana, yaani nguo ya pili kwa nyuma, na ya ubavuni yakabaki mepesi. Bibi akapata mlima kwa kulia na kivuli kwa mbele. Akapiga makofi kama mtoto.

La upinde lilitutesa kwa njia nyingine. Ufito wa mti haupindi, ukiulazimisha unakatika, ukiuunga vipande pete za pazia zinakwama kwenye kila kiungo. Seremala alijaribu, akakasirika, akaenda kwao. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa hapa Makole aliyekuwa akiwakunjia wanawake wetu masango, zile nyaya nene za shaba za kuvaa mikononi na miguuni. Alitazama dirisha, akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mkono mnene sana huu. Wa nani?" Akaukunja waya kwa kuuzungusha kwenye mdomo wa mtungi mkubwa, kidogo kidogo, mpaka ukafuata vioo vyote bila kiungo hata kimoja. Pete ziliteleza kama samli. Mkipata dirisha la upinde msimtafute seremala, mtafuteni mtu anayejua bangili.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nalizunguka tu.

Kitambaa cha maua alichoagiza Bibi kutoka kwao hakikufika. Akasubiri, akanuna, akakubali merikani, ile nguo nyeupe ya pamba. Mnaijua merikani ya wakati ule, ngumu, imejaa wanga, ukiishika inalia. Ukiiosha, wanga unatoka na nguo inasinyaa. Sisi mafundi husema inarudi. Kwa hiyo sheria ya Fundi Shabani ilikuwa moja, wala haikuwa na mjadala: merikani iloweke kutwa nzima, ianike, ndipo uikate. Siku ile alikuwa anakwenda Kondoa kwenye msiba wa shangazi yake, akaniachia majora. Kabla hajatoka akarudia mara tatu. "Loweka. Umesikia? Loweka ndipo ukate."

Nikasema nimesikia. Na nilikuwa nimesikia.

Lakini ulikuwa mwisho wa kiangazi. Hapa kwetu mwisho wa kiangazi korongo ni mchanga mtupu, na maji yako chini ya mchanga. Wanawake walikuwa wakichimba shimo hadi kiunoni, hadi kifuani, wakikaa wanangoja yachuruzike, wanachota kwa kata, kata moja baada ya nyingine, na yenyewe yana chumvi. Dada yangu Sechelela alikuwa akitoka alfajiri kule upande wa Nkuhungu anarudi jua limepanda, mtungi kichwani, na magoti meupe kwa mchanga. Maji ya reli yalikuwepo, yaliletwa kwa gari la moshi, lakini yalikuwa ya injini na ya nyumba za wakubwa, na askari alisimama pale.

Majora manne ya merikani yangekunywa mitungi minane. Nikamtazama dada anavyotua mtungi wake na kushika kiuno. Nikajiuliza, nimwambie nini? Dada, nipe maji yako ya siku nane nikayanyweshe mapazia ya mtu anayekataa jua? Moyo wangu ukakataa. Sikuweza hata kulitamka. Nikaona mimi ni mtu mwema sana. Nikaikata ile merikani ikiwa kavu, nikaimba wakati nakata, na Fundi aliporudi na huzuni zake nikamwambia kila kitu tayari. Hakuuliza. Nani aulize jambo alilolirudia mara tatu?

Tukashona, tukatundika. Yalikuwa yamepiga magoti sakafuni vizuri ajabu, na Bibi akaita majirani zake waje kuona.

Upepo wa vumbi ukaja, siku tatu, ule mwekundu unaoingia hata kwenye chumvi. Mapazia yakawa rangi ya ng'ombe. Bibi akaagiza yafuliwe. Alikuwa na haki, ni yake. Dobi wao akayafua kwa maji ya reli, akayapiga pasi, akayarudisha kwenye pete zake.

Yalikuwa mafupi kwa shibiri nzima. Na kwenye pembe, pale pazia la mbele linapokutana na la ubavuni, palikuwa na mwanya wa vidole vinne, na jua lote la jioni lilikuwa limeuona mwanya huo likapitia hapo.

Fundi aliitwa, nikaenda naye. Bwana wa reli alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na fimbo ya kupimia. Hakupiga kelele. Alisema kwamba nguo haijifupishi yenyewe. Alisema shibiri moja kwa kila pazia, ukijumlisha, ni nguo ya mtu mzima, na mtu huyo anajulikana. Jumamosi alikuwa akija mgeni wake mkubwa kutoka pwani kwa gari la moshi. Kama kufikia Jumamosi kitambaa kitakuwa kimerudishwa dirishani, na pazia limefunga, basi. La sivyo Fundi atapelekwa bomani kwa wizi, alazwe, apigwe hamsa wa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano.

Nikasema, "Bwana, ni mimi, sikuloweka."

Hakunitazama. "Nani fundi hapa, wewe au yeye?"

Ilikuwa Jumatano.

Nilishamwona mtu aliyetoka kupigwa hamsa wa ishirini. Alikuwa mbeba vyuma vya reli, shingo kama ya fahali, na alilala kifudifudi majuma mawili. Fundi Shabani nimewaambia alivyokuwa. Mifupa yake ungeweza kuihesabu juu ya kanzu.

Tukarudi barazani. Akaketi, akavua kofia, akaiweka juu ya cherehani.

"Hukuloweka."

"Sikuloweka, Fundi."

"Ulisahau?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikamweleza ukweli wote, dada, mchanga, magoti, mitungi minane. Nilidhani atalainika kidogo. Akanisikiliza hadi mwisho, akapangusa uso wake kwa viganja viwili.

"Kwa hiyo ulimwonea huruma dada yako."

"Ndiyo, Fundi."

"Na mimi je? Huruma ilikuwa imekwisha?" Kisha, kabla sijajibu: "Nenda kwake sasa hivi. Tunaongeza chini upindo wa kaniki, mweusi, ili uonekane ni pambo lililokusudiwa. Kwenye pembe tunaongeza vipande vya merikani mpya. Kaniki inatoa rangi na merikani inarudi. Vyote viloweke, kaniki mara tatu, mpaka maji yatoke meupe. Nahitaji maji. Usije hapa na huruma, njoo na maji."

Nilikwenda Nkuhungu nusu nakimbia nusu nalia. Nikamkuta dada Sechelela juu ya paa la tembe lake, amepiga magoti, anakwangua udongo wa zamani uliopasuka. Mvua zilikuwa karibu na kila mtu alikuwa akitengeneza paa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona uso kama wa ndama aliyeachwa? Panda."

Nikapanda. Nikamweleza. Nilipofika kwenye mitungi minane nikaona aibu, nikatazama pembeni. Yeye akaacha kukwangua.

"Siku ile ulihitaji maji ya kulowekea merikani."

"Ndiyo."

"Maji yanayotoka na wanga."

"Ndiyo, dada. Yanatoka mazito kama uji. Hayafai kitu."

Akanitazama. Dada yangu alikuwa na mtazamo ambao mpaka leo, na yeye amekwisha tangulia, ukinijia nakaa sawa kwenye kiti.

"Mdogo wangu, unaona hapa nilipo ni wapi?"

"Juu ya paa."

"Paa la nini?"

"Udongo."

"Udongo unakandwa kwa mate? Nimechimba maji ya paa hili mwezi mzima. Nayamwaga kwenye udongo na udongo bado unapasuka kwa sababu ya chumvi. Mke wa jumbe alikanda wake kwa maji ya wanga, umeshika kama mwamba. Ungekuja ungeniambia, 'Dada, nataka mitungi minane, nitakurudishia mitungi saba iliyo mizito kama uji,' ningekuchinjia kuku."

Nikaanza kukwangua udongo pamoja naye.

"Nani alikuambia nimechoka?"

"Nilikuona umeshika kiuno."

"Nimeshika kiuno. Kiuno ni changu. Kukataa nako ni kwangu. Wewe umenikatalia kwa mdomo wako mwenyewe, na mimi sikuwepo." Akapiga kelele chini kwa wenzake waliokuwa wakimkandia udongo, kwa Kigogo, maneno ambayo sitayaandika maana yalinihusu, na wanawake wanne walicheka sana. Kisha wakachukua mitungi.

Vijana, haya si mambo ya mapazia tu. Msimhurumie mtu kabla hamjamwuliza. Nimekutana na mafundi wengi wenye moyo mzuri walioharibu kazi kwa njia hiyo. Huyu hakumrudishia mwanafunzi wake nguo iliyopinda aifumue kwa sababu alionekana mgonjwa, yule hakumwamsha mwenzake apime tena kwa sababu alikuwa amelala vizuri. Wote walikuwa na huruma, hakuna aliyeuliza. Inachosha.

Alhamisi tuliloweka, kwenye mitungi iliyokatwa midomo, palepale Nkuhungu. Maji ya kwanza ya kaniki yalitoka ya bluu kama usiku, ya pili kama moshi, ya tatu safi. Maji yote yakaenda kwenye udongo. Upande mmoja wa paa la dada ulikaa na rangi ya bluu mpaka mvua ya mwaka wa pili, na watu walimwuliza kama amekuwa Mzungu. Tuliianika nguo kwenye miba ya mti wa mkakaya na wanawake wakaukinga upepo wa vumbi kwa kusimama kama ukuta, khanga zimetanuliwa. Sikuwaomba hilo. Nilikuwa nimeshajifunza, nilitaka kuwaomba, lakini waliniwahi.

Ijumaa Fundi alitoka msikitini akashona bila kuinua kichwa. Mimi nilizungusha mkono wa cherehani. Kwenye upindo alinifanya nitie kokoto ndogo, moja kila shibiri, ili pazia lisipeperuke. Wekeni kokoto, au vipande vya risasi mkipata. Pazia la dirisha la tumbo hupigwa na upepo pande tatu, likiwa jepesi linaingia kwenye kahawa ya watu.

Jumamosi asubuhi tukatundika. Weupe juu, mkanda mweusi chini, vipande vya pembeni vimekutana vikalaliana kwa kidole kimoja. Fundi akayafunga yote, akaingia nyuma yake, akasimama kwenye kile kijichumba akitafuta mwanga unaovuja. Nikasikia sauti yake kwa ndani. "Giza." Alisema kama mtu anayesema alhamdulillahi.

Tukaambiwa tusiondoke. Tukakaa kwenye ngazi ya jikoni tukimngoja mgeni. Gari la moshi likapiga king'ora, likafika. Viti vikaburutwa ndani, visigino vikapita. Mzee Feruzi, mpishi wa nyumba ile, mtu wa pwani, alikuwa akitoka na kuingia na sinia na kila akitoka tulimtazama.

"Bado," anasema. "Wanakula."

"Bado. Wanacheka."

Kisha akatoka askari. "Fundi. Ndani."

Fundi Shabani akasimama. Akavua kofia yake, akanikabidhi, akanikabidhi na ile kamba ya kupimia, kama mtu anayekwenda kuoga. Akaingia. Nikabaki nimeshika kofia kwa mikono miwili. Nikasikiliza kelele ya kiti kusukumwa, ya mtu kulazwa. Sikusikia kitu. Nikahesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Mzee Feruzi akatoka na vikombe.

"Wamemfanya nini?"

"Nani, fundi wako? Ameshika pazia."

"Ameshikaje pazia?"

"Kwa mkono. Mgeni kasema mapazia mazuri sana, huo mkanda mweusi kaupenda, sasa afunguliwe pande zote auone mlima na jua linavyoshuka. Wakafungua. La mbele likajirudia. Wakalisukuma, likajirudia tena, lina mawe chini. Bibi akatafuta mahali pa kulifungia, hakuna kulabu, hakuna kamba. Basi bwana akasema mwiteni fundi wake. Kasimama pembeni kaliegemeza kwa mkono, juu hivi, na wao wanakunywa kahawa. Kulabu ni kazi ya nani?"

Kulabu zilikuwa kazi yangu. Zilikuwa kwenye mfuko wa kanzu yangu tangu asubuhi, nne, na misumari yake.

Sikungoja. Nikakata ukanda kutoka kipande cha kaniki kilichobaki, nikaushona mbio hapo kwenye ngazi, nikampa Mzee Feruzi pamoja na kulabu moja. Akaviweka kwenye sinia chini ya kitambaa cha mkono, akaingia navyo kama vile ni sukari. Sijui ilikuwaje huko ndani. Muda mrefu ukapita, jua likaondoka kwenye ukuta wa jikoni, ndipo Fundi Shabani akatoka.

Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeinuka kidogo, hautaki kushuka. Akaketi kwenye ngazi.

"Kulabu," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Mkono umekufa ganzi mpaka shingoni. Ukanda ule umeushona kwa kitambaa gani?"

"Kile cha kaniki. Kililowekwa mara tatu."

"Afadhali." Akaninyooshea ule mkono. "Kanda."

Nikakaa ngazi ya chini yake, nikaanza begani. Akaanza na kulabu, akaja kwenye mishono ya pembe ya kushoto ambayo niliikaza mno, akaja kwenye kamba niliyoinyoosha hewani siku ya kwanza, akaja kwenye kuimba wakati wa kukata, akaja kwenye jina langu, kwamba halifai fundi. Nilipofika kiwikoni alikuwa amefika kwa mapadri walionifundisha. Nilikuwa nakanda, yeye ananitukana, na kila alipoegemea nyuma kupata nguvu ya tusi jingine, aliegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa jikoni ya bwana wa reli, wote, usioguswa na kiboko, bila kukunja uso.